Saba Mlalo

Injini ilikohoa mara moja, ikashika, ikaondoka na mtumbwi.

Datius Mushumbusi alikuwa bado mita mia mbili juu ya kilima.

Alikimbia. Aliruka mawe, bastola ya Browning mkononi, miwani ya jua ikimchezacheza puani. Alipofika ufukweni alikuta maji yanatulia, alama za magurudumu ya lori na punje za kahawa zimemwagika mchangani. Kule mbali mitumbwi mitatu yenye injini za Johnson ilikuwa inakata maji kuelekea kaskazini, upande wa mpaka. Juu kijijini kengele ilikuwa inalia. Jumapili, saa nne asubuhi, nusu ya Muleba ilikuwa imepiga magoti kwenye misa. Wezi wa kahawa waliijua ratiba ya ibada kuliko katekista.

Dakika nne. Amewakosa kwa dakika nne.

Akachomoa redio ya Pye kutoka begani.

"Kisiki, Kisiki, hapa Mgomba."

"Sema, Mgomba."

"Ndege wameruka."

"Wote?"

"Wote, mkuu."

"Wameacha nini?"

Datius akatazama miguuni. Karatasi moja ilikuwa imebanwa chini ya kokoto. Aliiinua, akaikung'uta mchanga. Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa *Nuru ya Ziwa*, gazeti la kila mwezi linalochapwa Bukoba, ukurasa wa fumbo la maneno. Visanduku vyote vilikuwa vitupu isipokuwa mstari mmoja. Saba mlalo. Mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya Bic: JIWE.

Na yeye alikuwa amesimama ubavuni mwa jiwe kubwa kuliko nyumba.

"Wameacha gazeti," alisema. Ukurasa ule aliujua. Aliuchukia kabla hata haujamkosesha wezi.

Mtunzi wa fumbo lile alijiita Kalamu Kavu. Hakuna aliyemjua. Lakini nyumbani kwa Datius, pale Kagondo, Kalamu Kavu alikuwa kama mtu wa familia, tena mwenye heshima zake. Kila gazeti lilipotoka, mke wake Ephrasia, mwalimu wa sekondari, alivua viatu, akakunja miguu kwenye kochi, akachonga penseli. Kisha akacheka. Si kicheko cha adabu alichompa mumewe akisimulia habari za kazini. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, cha kufuta machozi.

"Huyu mtu ana akili!" alikuwa akisema. "Mke wake lazima anacheka kutwa."

Miaka miwili Datius alikuwa anakunywa chai yake na kumeza maneno hayo. Alikuwa amewahi kupigana na watu wenye mapanga kule Karagwe. Alikuwa na kovu begani. Yote hayo hakuweza kumweleza mke wake, kwa kuwa yeye Ephrasia alijua mumewe ni mkaguzi wa ubora wa kahawa. Na mkaguzi wa kahawa atashindana vipi na Kalamu Kavu?

Wivu wa kumwonea mtu mwenye sura una nafuu yake. Unaweza kumtazama ukamwona ana tumbo, au meno mabovu. Huyu hakuwa na sura, na kwa hiyo alikuwa mzuri kuliko wanaume wote wa Mkoa wa Ziwa Magharibi.

* * *

"Miezi minne," alisema Byarugaba.

Alikuwa mkuu wa kitengo cha siri cha kuzuia magendo, Kisiki mwenyewe wa redioni, mnene, mwenye sauti ya chini, na ofisi yake ilijificha nyuma ya ghala lenye kibao cha ukaguzi wa mazao. Aliwasha Sportsman, akapanga mezani kurasa nne za *Nuru ya Ziwa*.

"Saba mlalo ndipo mahali pa kupakia. Siku ni Jumapili ya kwanza baada ya gazeti kutoka, saa ya misa. Hakuna simu, hakuna barua. Mwenye lori analisoma Bukoba, mwenye mtumbwi analisoma visiwani. Kahawa ya vyama vya vijiji inavuka, na sisi tunafika kuokota karatasi."

"Basi tumkamate Kalamu Kavu," alisema Datius. Alisema kwa haraka mno.

"Yuko wapi? Bahasha zinatumbukizwa sanduku la posta Muleba, bila jina la mtumaji. Lakini Josia, mhariri, ametupa fumbo la mwezi ujao." Byarugaba akasukuma karatasi iliyopigwa taipu. "Jibu la saba mlalo ni KISIWA. Unaelewa maana yake?"

Datius alielewa. Kwenye kisiwa, mitumbwi ile ingemwona mtu akija kutoka maili tatu. Serikali haikuwa na boti ya kuzikimbiza Johnson.

"Nataka waje hapa." Byarugaba akaweka kidole kwenye ramani, kwenye ghuba jembamba chini ya kanisa la zamani, lenye mlango mmoja wa kutokea. Wote wa mwambao walilijua kwa jina la Kanisa. "KANISA. Herufi sita kwa sita. Na pale yanapokatiza maneno mengine, herufi ya kwanza, ya nne na ya sita, zinalingana. Kinachokosekana ni kidokezo."

"Nani atakitunga?"

"Mke wako si bingwa wa mambo haya? Jifunze kwake. Asijue ni kwa nini."

"Na Kalamu Kavu akiona fumbo lake limebadilishwa?"

"Kifurushi cha Muleba kitalala posta hadi Jumatatu. Atakuja kuliona tukiwa tumeshawafunga pingu wenzake. Una siku tisa kabla gazeti halijaingia mitamboni, ndugu Mushumbusi."

* * *

"Nifundishe kutunga," Datius alimwambia mke wake jioni ile.

Ephrasia alishusha madaftari ya wanafunzi. "Wewe?"

"Mimi."

"Unataka kushindana na Kalamu Kavu, Baba Adventina?"

"Nataka kupumzisha akili tu."

Alimtazama kwa muda, kisha akasogea kwenye kochi akampisha. Hapo Datius alijisikia vizuri, na akajichukia kwa kujisikia vizuri.

"Kidokezo kina miguu miwili," alianza Ephrasia, kwa sauti yake ya darasani. "Mguu mmoja unakwambia jibu ni nini. Mguu wa pili unakupa njia ya kulifikia. Kati ya hiyo miwili hapana neno la bure, hata moja. Sikiliza: *Nchi kavu, na tena nchi kavu, gari lipite.* Herufi nane."

Datius akakuna kichwa. "Jangwa?"

"Nchi kavu ni bara. Na tena nchi kavu?"

"Bara. Barabara!"

"Haya. Na hiki: *Wageni waliofika hawa wamelificha zao letu.* Herufi sita." Alichukua penseli akapiga mstari chini ya mwisho wa *waliofika* pamoja na *hawa*. Kahawa ilikuwa imelala pale katikati, wazi kabisa, na mkaguzi wa kahawa hakuiona.

Datius alicheka. Hakupenda, lakini alicheka. "Umekitunga wewe?"

"Mimi? Cha Kalamu Kavu, cha mwezi wa tatu."

Kicheko kikamkauka.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu. Datius aliweza kuifungua Browning vipande na kuirudisha akiwa amefumba macho. Aliweza kupiga picha barua kwa kamera ya Minox huku akimwamkia mwenye barua. Maneno sita ya Kiswahili yakamtoa jasho. Kidokezo chake cha kwanza, juu ya neno *soko*, Ephrasia alikisoma akatikisa kichwa. "Hiki ni kibao cha njiani, mume wangu. Kinamwelekeza mtu moja kwa moja." Cha pili alisema kina mguu mmoja. Cha tano alisema kimelala.

Siku ya saba alimletea hiki: *Wezi nyuma ya kichwa cha mkuu, watafute angani (5).*

Ephrasia alihesabu kwa vidole. Kichwa cha *mkuu*, yaani M. Wezi nyuma yake. "Mwezi," alisema. "Kinasimama."

"Kinasimama tu?"

"Kinasimama vizuri."

Hakucheka. Alimpa alama kama anavyompa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kisha akarudi kwenye gazeti la zamani, na baada ya dakika moja akacheka kwa kitu cha yule mwingine. Datius alitoka nje akasimama kwenye migomba hadi hasira ikapoa.

Cha KANISA alikitunga peke yake ofisini. *Mcha Mungu hakani sala; ndani ndimo anamokutana na wenzake (6).* Neno lilikuwa limejificha kati ya *hakani* na *sala*. Lilikuwa jambo safi, na hapo alipaswa kuweka kalamu chini.

Lakini wivu haujui kuweka kalamu chini. Alifikiria Ephrasia akikisoma kwenye gazeti, bila kujua ni cha mumewe. Alitaka aone kwamba safari hii kuna mkono bora. Basi akaongeza: *Mcha Mungu kuliko watunzi wote hakani sala…*

Byarugaba alikipitisha. Hakujua lolote juu ya miguu miwili.

* * *

Gazeti lilitoka Ijumaa jioni. Jumamosi saa tatu asubuhi Ephrasia alivua viatu, akakunja miguu kwenye kochi.

Datius alijifanya anapiga rangi kiatu.

Moja mlalo, akatabasamu. Nne mlalo, akacheka. Saba mlalo, akanyamaza.

"Hii si yake," alisema.

Brashi ikasimama. "Nini si yake?"

"Saba. Jibu ni kanisa, nimeliona, limefichwa vizuri. Lakini si yake hata kidogo. Tazama: *kuliko watunzi wote*. Maneno matatu ya bure! Nani amemuuliza? Kinanyoosha shingo kama mtoto wa darasani anayenyanyua mkono kabla ya swali kuisha." Alishusha gazeti. "Huyu ni mtu mwenye wivu. Wivu mkubwa, maskini."

Masikio yalimwaka Datius hadi shingoni.

"Unamjua sana huyo Kalamu Kavu wako."

"Namjua kwa kazi yake. Mtunzi huchota mezani pake, Baba Adventina. Anachokula, anachokiona dirishani, kinachomuuma. Mtu akitunga miaka miwili, umeshaingia nyumbani kwake."

"Umeingia nyumbani kwake!"

"Kwa kusoma!"

Akalichukua kopo la biskuti alimohifadhi mafumbo yote ishirini na mawili, akalibwaga mbele yake. "Soma basi. Mtafute mwenyewe."

Datius alisoma, tena kwa hasira, akitafuta mwanamume wa kumchukia. Alitafuta tai, sigara, gari zuri. Aliyoyakuta ni miwani iliyopotea, mvua kwenye bati, kiti kimoja barazani. Halafu akafika kwenye fumbo la Desemba, kidokezo cha tisa wima.

*Wageni wa angani: nimewavua mbawa na miguu, wala sikuonja (6).*

"Senene," alisema.

"Hicho kilinichekesha. Mtu anafunga kula, na senene wako mbele yake."

Mawazo yalimrudisha Datius nyuma. Alikuwa amerudi Maruku, jikoni kwa mama yake, akiwa na miaka saba. Mama na shangazi zake wameketi juu ya nyasi, debe zima la senene, panzi wale wa msimu wa mvua, katikati, vidole vinakwenda mbiombio: mbawa, miguu, mbawa, miguu. Waliwachambua, wakawakaanga, wakampelekea baba. Hakuna hata mmoja aliyetia mdomoni. Mwanamke wa zamani wa Kihaya hakula senene. Aliwaokota, aliwachambua, akawapisha wanaume.

"Hafungi," alisema polepole. "Mwanamume angeanza na utamu. Huyu anajua kazi ya kuchambua na hajui ladha. Kalamu Kavu ni mwanamke. Tena mzee."

Miaka miwili. Miaka miwili alikuwa anamwonea wivu bibi wa watu.

Alitaka kucheka, lakini Ephrasia alikuwa ameshika shavu. Yeye alikula senene sahani nzima bila kufikiri, kama wenzake wote wa shule. Kidokezo kile alikuwa amekisoma mara kumi.

"Mama Georgina," alinong'ona. "Mwalimu wangu wa Kagoma. Ndiye aliyetufundisha mafumbo. Miguu miwili ni maneno yake. Mpaka leo hali senene." Uso ukamng'aa. "Waitu, jamani! Kumbe nimekuwa nampelekea gazeti lenye kazi yake mwenyewe!"

"Unampelekea gazeti?"

"Kila mwezi. Muleba linachelewa. Nakala yake ya mwezi huu nimempa leo kondakta wa basi la saa mbili."

Saa ya ukutani ilionyesha tatu na dakika arobaini.

Datius alikuwa ameshasimama. Kiatu kimoja kilikuwa na rangi, kingine hakikuwa nayo.

"Unakwenda wapi?"

"Kukagua kahawa."

"Jumamosi?"

"Kahawa haijui Jumamosi."

* * *

Land Rover ilichukua kona za Kemondo kwa magurudumu mawili.

"Kisiki, Mgomba. Gazeti moja limevuja. Liko kwenye basi la Muleba."

"Limepelekwa na nani?"

Datius alibana meno. "Msomaji mmoja."

"Likifika?"

"Mtunzi ataona saba si yake. Atalalamika. Akilalamika kwa mtu asiyefaa, kesho hakuna atakayekuja."

"Basi lisifike."

Lilikuwa limeshafika. Aliliona basi likipandisha kilima baada ya Kagoma, limeshashusha. Aliuliza nyumba ya mwalimu Georgina Kemilembe, akaonyeshwa paa la bati katikati ya migomba na mibuni.

Uani palikuwa na Peugeot 404 nyeupe.

Barazani alisimama mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, Seiko mkononi. Mzuri. Datius alimwona tu, na wivu wa miaka miwili, uliokosa pa kwenda, ukamrukia yule mtu. Mbele yake, kwenye kiti, alikaa bibi mwembamba mwenye miwani. Gazeti lilikuwa magotini. Kidole chake kilikuwa juu ya fumbo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Gamaliel," alikuwa anasema, "hebu njoo uone walivyonifanyia hapa kwenye—"

"Hodi waitu!" Datius alipaza sauti hadi kuku wakaruka.

Bibi akageuka. Gazeti likakunjwa, kwa sababu mgeni ni mgeni.

"Karibu, mwanangu. Karibu ukae."

"Mimi ni mume wa Ephrasia, mwanafunzi wako, Mama. Nimepita kukusalimu."

"Mume wa Ephrasia!" Alifurahi kweli. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, akamwekea mkononi. "Huyu ni mwana wa marehemu shemeji yangu. Nimemlea mimi."

"Mama, ulikuwa unasema nini juu ya gazeti?" aliuliza Gamaliel.

"Mgeni anatafuna," alisema Mama Georgina.

Na hapo Datius aliiona njia yake. Nyumba za watu wazima wa Kihaya zina taratibu, na ya mwalimu huyu ilikuwa kali: mgeni akiwa na kahawa mdomoni, mambo ya ndani ya nyumba hayasemwi mbele yake.

Basi akatafuna.

Alitafuna polepole, kama mtu aliyelipwa kutafuna. Kahawa ilikuwa chungu, kavu, ngumu. Alipomaliza akanyoosha mkono. "Nzuri mno, Mama. Naomba nyingine."

Gamaliel akatazama Seiko. "Mama, sema tu hapahapa, nina safari."

"Gamaliel. Mgeni anatafuna."

Kiganja cha tatu. Taya zilimuuma. Ulimi ulikuwa kama ganda la mti. Gamaliel alikwenda hadi kwenye gari, akarudi, akatingisha funguo. Alimtazama Datius kwa dharau, mpaka kiatu kisicho na rangi.

Kiganja cha nne.

"Basi nitakuja Jumatatu," alisema Gamaliel. "Kesho nashinda ziwani."

Peugeot ikazunguka, ikashuka barabarani, mlio wake ukaisha.

"Sasa meza," alisema Mama Georgina. "Mtu hatafuni hivyo kwa njaa. Una jambo."

Datius akameza. Akamuuliza jambo moja tu: neno la saba mlalo, hulichagua nani?

"Gamaliel. Kila mwezi ananipa moja. Alisema wasomaji wa huku wana mchezo wao wa bahati nasibu. Nilipenda, neno la kupewa linachangamsha akili. Mwezi uliopita alinipa jiwe. Safari hii kisiwa, na wamenifutia." Mwalimu hahitaji kuambiwa mara mbili. Aliangalia njia lilikopita gari, kisha mibuni yake nyuma ya nyumba, iliyokwisha kuchumwa. "Ni kahawa, siyo? Ndiyo kahawa ya kijiji inayopotea."

"Ndiyo, Mama."

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na mekundu, na Datius hakuthubutu kumharakisha. Neno moja lake, likipelekwa na mtu wa baiskeli hadi kwa mtoto aliyemlea, lingetosha kuvunja kila kitu.

"Alikuja kwangu ana miaka sita," alisema. "Alikuwa analala na sahani yake, asije mtu akaichukua." Akalikunja gazeti mara nne, akalikalia. "Muleba gazeti huja Jumatatu. Mimi sijaliona."

"Asante, Mama."

"Usinishukuru. Saba hii ameitunga nani?"

Kanuni za kazi zilimtaka aseme hajui.

"Mimi."

"Maneno matatu ya bure."

"Nimeambiwa."

"Unamwonea wivu nani?"

Datius aliangalia mikono yake. "Wewe, Mama."

Alimweleza: kochi, penseli, kicheko. Mama Georgina alisikiliza, na huku machozi ya kumlilia Gamaliel hayajakauka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla.

"Mimi natunga kwa sababu jioni sina wa kuzungumza naye. Fumbo linaficha ili lipatikane, mwanangu. Ndiyo raha yake yote. Wewe una mtu nyumbani, na naona unaficha ili usipatikane kabisa."

* * *

Jumapili, saa nne na dakika sita.

Kanisani juu waliimba. Chini ghubani, kwenye mafunjo, mgambo ishirini wa kijiji walikuwa wamelala kifudifudi.

"Mgomba, Kisiki. Unaona nini?"

"Lori moja. Mitumbwi mitatu. Inaingia."

"Acha iingie."

Iliingia. Kwenye mlango wa ghuba, wavuvi wawili wakainua kamba, na nyavu za sato zilizolala chini ya maji zikapanda hadi juu.

Datius akasimama. "Mikono juu!"

Mnunuzi kutoka ng'ambo, mwenye kofia ya kijeshi, alinyanyua bunduki ya Sten. Browning ikalia mara moja. Risasi ikapasua injini ya Johnson kando ya goti lake, na mafuta ya moto yakamshawishi kuruka majini. Mitumbwi miwili iligeuza kwa kasi. Nyavu zikameza pangaboi za injini. Injini zikapiga kelele, zikanyamaza.

Dakika tatu, na hakuna aliyekufa. Kwenye lori walihesabu magunia mia na kumi yenye alama za vyama vya vijiji vitatu.

Gamaliel alikutwa kisiwani peke yake, juu ya jiwe, na darubini shingoni, akitazama Seiko. Gazeti lilikuwa mfukoni mwake. Hakuwa hata amelifungua. Mtu gani ahangaike kufumbua fumbo ambalo jibu amelitoa mwenyewe?

Saa nane mchana Datius aliingia nyumbani, tope hadi magotini. Ephrasia alikuwa mezani. Alimtazama tope, akamtazama begani ambapo shati lilikuwa limechanika, na hakuuliza alichozoea kuuliza, maana alizoea pia jibu lake.

"Chakula kipo," alisema tu.

Nje, kwenye Land Rover, redio ilikuwa inamwita. Kisiki alitaka taarifa.

Datius alichukua Bic na kipande cha karatasi. Akaandika mstari mmoja, akiwa bado amesimama. Alifuta neno moja. Akafuta jingine. Jibu lake lilikuwa na herufi sita, nalo lilikuwa kazi yake halisi, ile ambayo kwa miaka saba ya ndoa hakuitaja. Kidokezo chenyewe siwaandikii hapa, maana hakikutungwa kwa ajili yetu. Aliweka karatasi mbele ya mke wake, akavaa miwani ya jua, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye mgomba wa kwanza aliposikia kimya cha ndani kinavunjika. Ephrasia alicheka. Kicheko kilianza kidogo, halafu kikamshinda, kikatoka dirishani chote.

"Baba Adventina!" aliita. Sauti ilikuwa na machozi ndani yake. "Hiki simpelekei Mama Georgina akakione. Hiki ni changu!"

Datius hakugeuka. Alipanda Land Rover, akapokea redio, akamwambia Kisiki kwamba amechelewa kidogo kwa shughuli za nyumbani.